Damu ya Mzee Kasmiri

Juni 2021 Koleta alikwenda likizo kwao Nkowe akiwa na kikohozi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea, na nusu ya darasa lake walikuwa wanakohoa, kwa hiyo hakuona ajabu. Wiki haikuisha, nyumba nzima ikawa inakohoa: mama yake Lusiana mwenye pumu, kaka yake Titus, hata bibi aliyekuwa hatoki kitandani. Wote walipona. Baba yake, Mzee Kasmiri, ambaye kwa miaka yake sitini na nane bado alipalilia mikorosho mwenyewe, alifariki hospitalini siku ya tisa, mpira wa oksijeni ukiwa puani.

Msibani hakuna aliyemfukuza Koleta. Walimwachia tu mkeka mzima akae peke yake. Titus alimwambia mara moja tu, "Ungebaki hukohuko."

Miaka mitatu baadaye alipigiwa simu. Pale hospitalini alikuwa amesaini damu ya baba yake ichunguzwe na watafiti, na alishasahau. Daktari Eliudi, mmoja wa watafiti hao, alimweleza taratibu.

"Virusi vya korona vikiingia, mwili hutoa kemikali za kupiga king'ora. Kingamwili nazo kazi yake ni kupambana na wadudu wa nje. Baadhi ya kingamwili za baba yako zilikuwa zinashambulia kemikali zilezile za king'ora. Mwili ulichelewa kujua umevamiwa."

"Alizipata kwangu?"

"Hapana. Kwako huenda alipata virusi. Kingamwili za namna hii mara nyingi huwa zipo tangu kabla, hasa kwa watu wazima, wala mtu hajisikii kuumwa."

"Tungeweza kujua?"

"Kwa vipimo vyetu vya hapa, hapana."

Jumamosi alichukua bodaboda hadi Nkowe. Alimkuta mama yake anapepeta ufuta uani, Titus akishona magunia. Akawaeleza yote kama alivyoelezwa.

"Kwa hiyo sasa marehemu kajiua mwenyewe," Titus alisema.

"Sijasema hivyo, kaka."

"Yeye ndiye mwenye damu mbaya. Wewe msafi."

Koleta akamgeukia mama yake. "Mama, wewe una pumu na ulipona. Bibi alipona. Hizo kingamwili ndizo zilizofanya baba asipone."

"Nimesikia." Lusiana aliendelea kupepeta. "Na kikohozi alikileta nani?"

"Mimi."

"Haya."

Njia nzima alikuwa amefikiria kwamba mama yake angelia, na yeye angelia naye. Mchana ulipofika Lusiana aliandaa ugali na kisamvu. Alimpakulia Koleta wa kwanza, kwenye sahani ya wageni, akamwekea kiti. Yeye na Titus walikaa mkekani, wakala sinia moja. Koleta alikula akamaliza, akashukuru, akampigia simu yule wa bodaboda.