Ijumaa ya Nyagaka

Nyagaka alizima mashine ya kuchomelea, akavua glavu, akaanza kukunja waya. Bomba la mvuke lilikuwa limeungwa nusu. Kesho yake asubuhi kiwanda chetu kilipaswa kupokea majani ya wakulima baada ya kufungwa juma zima, na jua lilikuwa linagusa mashamba ya chai ng'ambo ya mto.

"Mzee, unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani, madam. Sabato inaingia."

"Si Sabato ni kesho?"

"Nilikuambia," akasema, akaenda kunawa.

Aliniambia, kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki tatu kabla, nilikuwa nimekabidhiwa programu ya kompyuta ya kupanga mradi wa boila mpya. Programu haikuwa na neno: ilimweka kila mtu kazini Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Watu ndio walikuwa na maneno. Chepyegon, fundi wa umeme, hangeweza kufika kabla ya saa nne, eti lazima akamue ng'ombe na kupeleka maziwa. Marcella wa stoo alitaka Alhamisi alasiri, siku ya chama cha akina mama. Kila ombi lilimaanisha nifungue kalenda ya huyo mtu, nifute masaa, nihifadhi, halafu nitazame mpango mzima ukivurugika upya. Nilichoka jamani. Nikajiambia sikusomea diploma ili nipangie watu ng'ombe.

Nyagaka alikuja wa mwisho, kofia mkononi. "Madam, niandikie Ijumaa mwisho saa kumi na moja. Jua likizama sishiki kazi. Jumapili nitakuja hata alfajiri."

Nikasema sawa. Nikafuta Jumamosi yake tu, nikafunga kompyuta. Mimi ni wa kanisa la Jumapili, siku yangu huanza nikiamka. Bomba lilipochelewa kufika, programu ikamtafutia Nyagaka nafasi yenyewe: Ijumaa, saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Nilifurahi hata, nikaona angalau kuna mmoja asiyenisumbua.

Jumamosi malori ya majani yalipanga foleni mpaka barabarani, na bila mvuke kiwanda hakingeweza kuyapokea. Nyagaka alirudi Jumapili alfajiri, kama alivyosema, akamaliza bomba kwa muda wa saa mbili. Lakini majani yalikuwa yamechemka ndani ya magunia, yamekuwa mekundu, hayafai tena. Wanawake waliotoka Sigowet walisimama getini wakitazama jasho lao likimwagwa shimoni.

Jumatatu meneja, Bwana Kimeli, alituita ofisini, mimi na Nyagaka. Alikuwa amefungua kalenda kwenye kompyuta yake.

"Hapa inaonyesha ulipaswa kuwa kazini mpaka saa mbili usiku. Nani alikupa ruhusa ya kuondoka?"

Nyagaka hakutazama kompyuta. Alinitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Nilikuwa nimekasirika: na Kimeli, na programu, na Sabato, na ng'ombe wa Chepyegon. Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kitu kwenye daftari.

"Basi chukua vitu vyako," Kimeli akamwambia.

Siku tisa nilinyamaza. Ya kumi nikaingia kwa Kimeli, nikakiri. Akaguna, akasema nisirudie, akarudi kwa simu yake. Mchana huo huo nikamfuata Nyagaka huko Kedowa, ambako alikuwa anachomelea geti la shule kando ya barabara.

"Mzee, nimemwambia meneja ukweli. Kosa lilikuwa langu."

"Umemwambia lini?"

"Leo."

Akafuta jasho kwa mkono wa shati. "Na nafasi yangu?"

Nikashindwa kumtazama. "Walichukua mtu Ijumaa iliyopita."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole. "Asante kwa kuja, madam. Sasa geuka kando, huu moto utakuumiza macho."

Akateremsha kinyago chake cha kuchomelea, akaendelea na geti.