Anayekataa Ni Nani?

Ulimi hauna mfupa, na wa dada huyu haukuwa hata na breki. Kwa miezi miwili alimwandama mdogo wake, fundi seremala: ale, aamke, ajikaze, mwanamume mzima analala kutwa kama kuku anayelalia mayai! Alidhani anamtia moyo. Seremala, ambaye zamani angemrudishia mzaha kwa mzaha, alijifunika shuka tu.

Sasa amelazwa, na ameomba fomu ya kukataa kuendelea na dawa za saratani.

Daktari alimvuta dada pembeni, karibu na mizani ya wagonjwa. Alimweleza kwamba vipimo vya damu vinaonyesha mchochota mkali: mwili umepambana na ugonjwa mpaka wenyewe unawaka ndani kwa ndani. Kwa baadhi ya wagonjwa, alisema, moto huo hufika hadi kwenye ubongo, ukamwondolea mtu hamu ya kula, ya kucheka, hata ya kuishi. Huenda hii sonona imetoka huko. Si uvivu wala si woga.

Dada aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Yale maneno yote aliyomtupia mgonjwa!

"Basi daktari, anayekataa dawa ni ndugu yangu au ni huo mchochota?"

Daktari alikiri kwamba hakuna kipimo cha kuwatenganisha. Angependa apewe wiki mbili ajaribu kuituliza hali hiyo, lakini mgonjwa ana akili timamu, na huwezi kumtibu mtu kwa nguvu.

Dada alirudi kitandani, akaomba msamaha, akaeleza kila alichosikia, akamsihi ampe siku kumi na nne tu. Seremala alimsikiliza hadi mwisho, bila hasira.

"Inawezekana ni ugonjwa unaosema, dada. Lakini anayechoka ni mimi."

Akatia sahihi polepole, kisha kwa mazoea ya kazi akaichomeka kalamu ya muuguzi nyuma ya sikio. Dada nusura acheke.

Muuguzi akasema bado panahitajika shahidi, ndugu wa karibu. Wazazi walishatangulia, na ndugu ni hao wawili tu. Seremala akaichomoa kalamu, akampa dada yake, akamshikia karatasi isiteleze.

Dada aliipokea kalamu. Akaandika jina lake.