Dole Gumba la Puge

Mwanahawa binti Lugembe alishuka kwenye treni ya Kigoma mwaka 1965, cherehani kichwani, mkeka kwapani, umri wake miaka arobaini au karibu na hapo. Mumewe alikuwa ameuawa kwao Kasongo, Kongo, katika vita ambavyo hakuna aliyemweleza vilihusu nini. Alivuka ziwa, akapanda treni, akashuka Tabora kwa sababu mbili: marehemu baba yake alikuwa mtu wa pande hizo, na miguu ilikuwa imevimba.

Alipata chumba Mtendeni, kwa mjane aitwaye Bi Kuluthumu. Siku ya tatu Bi Kuluthumu akamwambia aende serikalini akajiandikishe.

"Babu yangu mimi alitoka hukohuko kwenu Umanyema," alisema. "Alikuja na msafara. Hakuna aliyemtaka karatasi."

"Walimtaka nini?"

"Pembe za ndovu."

Ofisini alimkuta karani, Bwana Eustace, mtu mwembamba aliyevaa tai hata kwenye jua la Oktoba. Alitoa fomu, akainyoosha kwa kiganja.

"Jina."

"Jina yangu Mwanahawa."

"Jina langu," Bwana Eustace alisahihisha.

"Na wewe Mwanahawa?"

Karani aliandika. Walikwenda vizuri mpaka mstari wa saba, uliotaka mdhamini: ndugu wa damu aliye raia, au mwajiri.

"Mimi nashona. Mwajiri ni mimi mwenyewe."

"Huwezi kujidhamini."

"Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Puge."

"Yuko wapi?"

"Kaburini."

"Marehemu hatii sahihi," alisema Bwana Eustace, si kwa ubaya. "Nenda Puge, mama. Kaniletee dole gumba la ndugu yake aliye hai."

Mwanahawa alilitazama dole gumba lake mwenyewe.

"Alama yake," karani aliongeza. "Kwenye karatasi."

Habari za Puge alizokuwa nazo zilikuwa chache. Baba yake alichukuliwa huko na Wabelgiji wakati wa vita vya Wajerumani, akabebeshwa mizigo yao mpaka Kongo, na huko akabaki. Alikuwa na mdogo wake aitwaye Ngollo. Hayo tu. Alipanda basi asubuhi, akashuka saa nane mchana, akauliza, akaelekezwa kwenye nyumba ya Ngollo, ambako mzee mmoja na mkewe walikuwa wakibangua karanga.

Mwanahawa alipiga magoti. Neno la Kinyamwezi alilolijua lilikuwa moja tu, akalitoa.

"Mwangaluka."

Mzee alilitazama jua. "Mwangaluka ni ya asubuhi, mama. Nani kakufundisha?"

"Baba. Alisalimia hivyo kutwa nzima."

Mzee aliweka ungo chini. "Baba yako ni nani?"

"Lugembe."

Mkewe, Amne, aliacha kubangua.

"Lugembe tulimlilia," alisema Ngollo. "Tulinyoa nywele. Ng'ombe akachinjwa. Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, Wabelgiji walipokwisha kuondoka."

"Alikufa mwaka jana, baba mdogo. Kifua."

"Mwaka jana?"

"Mwezi wa Rajabu."

Ngollo alipiga hesabu. Miaka arobaini na zaidi kaka yake alikuwa maiti Puge, na muda wote huo kule Kasongo alikuwa akilima, akizaa na kulalamikia chumvi kwenye mchuzi.

"Kwa nini hakurudi?"

"Kila mwaka alisema atarudi akishavuna mpunga."

"Na kila mwaka aliupanda tena."

"Kila mwaka."

"Ndiye," alisema Ngollo. "Tukimtuma maji asubuhi, tulioga jioni." Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, lakini sauti haikubadilika, wala hakuyafuta.

Amne akauliza lile lililobaki. "Umefuata mashamba?"

"Nimefuata dole gumba."

Walipoelezwa, walikubali. Ila Ngollo alisema kwanza matanga yarudiwe, kwa kuwa yale ya zamani yalifanywa mapema. Yakakaa siku tatu. Watu waliokuja walimpa Mwanahawa pole kwanza, kisha wakamuuliza Lugembe alikuwa na meno mangapi hadi mwisho, na alicheka vipi. Alijibu yote. Kule Kasongo hakupata nafasi ya kumlilia baba yake hivyo, maana vita vilifika wiki moja baada ya mazishi. Huko Puge alilia mpaka akalala amekaa.

Siku ya nne Ngollo akaweka dole kwenye barua ya kumdhamini, na mtendaji wa kijiji akaigonga muhuri. Muhuri ulikuwa bado wa utemi, na watemi, yaani machifu, walikwisha kuondolewa na serikali. Mtendaji akalikata neno hilo kwa kalamu, akatia sahihi pembeni.

Bwana Eustace aliisoma barua mara mbili.

"Baba amezaliwa Puge. Basi wewe si mgeni."

"Vizuri."

"Lakini fomu uliyojaza ni ya wageni."

"Wewe ndiye uliyenipa."

"Nilikupa ulipokuwa mgeni."

"Nipe ya raia, basi."

"Haijafika kutoka Dar es Salaam."

"Sasa mimi ni nani?"

Bwana Eustace alifikiri kwa dhati, maana alikuwa mtu wa haki. "Uko njiani," alisema.

Fomu ilichukua miezi mitano kufika. Karani aliijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri, kisha akamsomea. Mahali pa kuzaliwa: Puge.

"Nimezaliwa Kasongo," alisema Mwanahawa.

"Puge inarahisisha mambo, mama. Kongo italeta maswali."

"Mama yangu alinizaa Kasongo, na amelala hukohuko. Andika."

Bwana Eustace alilikwangua lile neno kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke, akaandika Kasongo. Maswali yalikuja kweli, yakachelewesha cheti cha uraia wiki tatu. Mwanahawa aliyajibu yote akiwa amesimama, kisha akarudi Mtendeni kumalizia sare za shule.

Mwaka uliofuata, watu wa Kongo walioshuka kituoni walianza kuelekezwa kwa Mwanahawa fundi cherehani. Wa kwanza alikuwa mwanamume aitwaye Anton. Hata kabla ya kutua mzigo, aliuliza ofisi iko wapi. Mwanahawa alimwambia aketi, ale kwanza. Inafunguliwa saa mbili, lakini Bwana Eustace haulizwi kitu kabla hajanywa chai.