Hema Lililojua Njia

Saa kumi alasiri, kwenye kituo cha kwanza cha safari, mkaguzi wa madaraja alifungua buti ya gari na hema likashuka lenyewe. Likapita katikati ya mivinje, likachagua mahali, likajitandaza na kukaza kamba zake. Mlango likauelekeza baharini.

"Limezoea," alisema mkaguzi, akishusha jiko la gesi.

Mkewe, fundi cherehani, alifurahi kupunguziwa kazi. Hema alilishona yeye mwenyewe kwa wiki tatu, ili mumewe asilale nje anapokwenda bara kukagua madaraja. Safari hii ya pwani aliahidiwa tangu arusi, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akipigwa danadana. Watoto waliachwa kwa mdogo wake wa kike. Aliomba kitu kimoja tu: pwani hii waione wote wawili kwa mara ya kwanza.

Kesho yake walipanda mnara wa taa, wakapiga picha. Waliposhuka, hema lilikuwa limeshatoka garini na kujisimamisha nyuma ya ukuta, kwenye pembe isiyofikiwa na upepo, ambayo mgeni asingeijua. Mlinzi wa mnara alilipigia saluti.

"Karibu tena, bosi," alimwambia mkaguzi. Fundi aliambiwa "karibu" tu, bila "tena".

Fundi si mtu wa kukurupuka. Aliingia ndani akapapasa mishono, kama anavyokagua nguo kabla mteja hajaichukua. Karibu na dirisha palikuwa na kiraka kigeni, na kila baada ya mishono mitano pana fundo. Ni mtu mmoja tu anayeshona hivyo, kwa hofu ya uzi kufumuka. Fundi ndiye aliyemfundisha kushika sindano, akamgombeza kwa mafundo hayo mpaka akachoka.

Akatoka. "Mdogo wangu alifika hapa?"

Mkaguzi alikuwa anamenya viazi. "Hema lilichanika kwenye mwamba. Angeliachaje hivyo hivyo?"

"Nimekuuliza, alifika?"

"Mara mbili. Ukihesabu na ile ya mwaka jana, tatu."

Iliuma vibaya sana. Mume alikutana naye ukubwani, lakini mdogo wake alimlea yeye mwenyewe, akimbeba mgongoni.

Kwenye kituo cha tatu, penye mapango, hema lilisimama likafungua zipu. Mkaguzi akaingia na sahani yake. Fundi alipoinama kumfuata, zipu ilipanda ikafunga. Alivuta kwa mikono miwili, haikusogea.

"Usilivute kwa nguvu," mumewe alisema kwa upole kutoka ndani. "Halijakuzoea. Lipe siku mbili tatu."

Fundi alikwenda kukaa garini. Simu ikaita. Mdogo wake alisema watoto hawajambo, kisha akauliza kama shemeji amekula.

"Amekula," alijibu fundi. "Yumo hemani kwenu."