Hatua Nne za Mwalimu Rula

Haya, tegua hiki: hatua nne, siku tisa, na bado hajafika. Si konokono. Ni Mwalimu Rula, akienda kumwomba mkewe radhi.

Mwalimu huyu wa hesabu, hata ukimwamsha usingizini, atakwambia kuwa kati ya nukta mbili njia fupi ni mstari ulionyooka. Basi mkewe, fundi cherehani, alipotundika pazia jipya sebuleni, mwalimu alichomoa rula mbele ya wageni, akapima pindo na fremu ya dirisha. Juu inchi tatu, chini tano.

"Limepinda, mama watoto."

Wageni wakacheka. Mke hakucheka. Alihamishia cherehani chumba cha pili, hatua nne kutoka sebuleni, na tangu hapo hakuna neno lililovuka ule mlango. Siku ya tisa akaanza kupanga nguo kwenye begi. Kesho anakwenda kwao.

Mwalimu akarudi kupima, walau ajipe moyo. Safari hii alifunga jiwe kwenye uzi, akauning'iniza dirishani. Salaale! Pazia limefuatana na uzi kama mapacha. Fremu imekwenda zake upande. Na fremu hiyo nani aliwapimia mafundi? Yeye, kwa rula ileile.

Ungedhani atanyanyuka, hatua nne, yaishe. Wapi! Akampigia simu dada yake, mji mwingine kabisa.

"Dada, mwambie wifi yako nimekosa."

Dada mtu, asiyetaka kuona kaka yake akinyenyekea, akampigia mama mkwe: "Mwambie mwanao, kaka hana kinyongo tena." Mama mkwe naye akaongeza yake. Punde simu ikalia ng'ambo ya ukuta. Mwalimu akatega sikio.

"Eti nini, mama? *Amenisamehe*? Mimi?"

Zipu ya begi ikafungwa, zii!

Hapo mwalimu aliruka. Hatua nne akazimaliza kwa mbili, akagonga goti kwenye stuli.

"Lililopinda ni dirisha," akasema akihema. "Na mimi ndiye niliyelipima. Nisamehe, mama watoto."

Mkewe akamtazama. "Neno hilo limetoka wapi?"

"Sebuleni."

"Mbona limechoka hivyo, kama limezunguka nchi nzima?" Akamrushia utepe wa kupimia. "Kalinyooshe hilo dirisha. Ukimaliza kabla ya basi la kesho, nguo nitazitoa."

Kufika jioni begi lilikuwa tupu, na ukutani, fremu ilipong'olewa, pamebaki tundu la kupita ng'ombe, limezibwa na pazia. Pindo limenyooka. Mwenye rula na aje.