Uzio Nilioupima Nikiwa Nimesimama

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na nasema bila haya kwamba uzio ule ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kuitoa mkononi. Watu wa hifadhi waliniletea urefu wa ukingo wa mwamba, mengine yote wakaniachia. Waliniambia kituo kiko juu ya mlima, kinatazama korongo kubwa katikati ya jangwa, na wageni wakipiga picha wanasogea mno ukingoni. Basi nikasimamisha nondo nene, zimekaribiana hata kichwa cha mtoto hakipenyi. Kwa urembo nikafunga mbele yake mabamba ya chuma kumi na mawili, kila moja nimelichomelea maua ya chuma, na kila moja nikalifunga kwa bolti nne ili siku ya kupaka rangi lifunguke. Lori likaja, likabeba, wakaenda kufunga wenyewe. Kituo chenyewe sikukiona.

Aliyekuwa na hamu nacho ni mama. Mama ni fundi cherehani, amekaa miaka arobaini mbele ya dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mwaka jana nyonga ilivunjika, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na daktari ametuambia wazi kwamba kusimama ndiyo basi tena. Hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, apelekwe mahali ambapo macho yanaweza kwenda mbali. Daktari akakubali kwa shingo upande, akaniita pembeni kunionya kwamba safari ndefu kama hiyo tusitegemee kuipata mara ya pili.

Tuliondoka alfajiri. Njia nzima mama alilalamikia uendeshaji wangu, na mimi njia nzima nilimsimulia uzio wangu, kwa hiyo hakuna aliyemshinda mwenzake kwa kero. Tulipofika, kulikuwa na njia ya zege iliyopanda taratibu mpaka kileleni. Nilisukuma kiti jasho likinitiririka, yeye akiuliza kama ile sauti ni ya magurudumu au ni ya mapafu yangu.

Kileleni nilikifunga kiti breki karibu kabisa na uzio, nikainua macho, na maneno yakaniisha.

Ardhi ilikuwa imepasuka. Sina namna nyingine ya kusema. Mbele yangu ilifunguka nafasi kubwa hata nikashika chuma kwa mikono miwili, mimi ninayepanda mapaa bila kamba. Kuta za mwamba zilishuka tabaka juu ya tabaka, jekundu, la rangi ya maziwa, jekundu tena, mpaka chini kabisa ambako mto uliokauka ulionekana mwembamba kama uzi mweupe. Ndege mkubwa alikuwa akizunguka kule chini yetu, nikamwona mgongo wake. Kimya kilikuwa kizito mno hata nikaona aibu kuhema. Nilijiona mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani udogo haukuniudhi.

Nikamuuliza mama kama anaona.

"Naona maua," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikachuchumaa kando ya kiti chake, kichwa changu sawa na chake, na pale ndipo nilipoliona bamba langu. Lilikuwa limeziba kila kitu. Juu yake palikuwa na kipande cha anga, chini yake vidole vya miguu ya mama. Korongo lote, lile lililoninyamazisha, lilikuwa upande wa pili wa ua la chuma.

Hasira zikanipanda. Nikatafuta wa kulaumu, waliochora, waliofunga, waliobeba, na kila nilipozunguka nikarudi kwangu.

Mama hakupandisha sauti. Aliuliza kama anavyomuuliza mwanafunzi wake aliyeharibu kitambaa cha mteja.

"Ulimpima nani?"

"Nilijipima mimi mwenyewe."

"Ukiwa umesimama?"

"Nikiwa nimesimama, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Nilimwambia nitambeba, akakataa katakata. Alisema anabebwa kitandani, anabebwa bafuni, anabebwa garini, leo alitaka kuona akiwa amekaa zake kama mtu.

Mhifadhi wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye sare ya kijani, alikuwa ametusogelea. Nilipomweleza kwamba uzio ni wangu, alinitazama, kisha akalitazama bamba. Akasema wageni wenye viti vya magurudumu huja mara kwa mara, hukaa kidogo hapo hapo, wanayasifu maua, kisha wanarudi. Alisema kwa upole, lakini nilitamani heri angenipiga kofi.

Nikamwomba nifungue bamba moja. Nondo zingebaki, hakuna ambaye angeanguka. Akaita kwa redio, akajibiwa kwamba niandike barua. Akafikiri. Kisha akaniuliza kama bolti zile si za kufunguliwa wakati wa matengenezo, na kama mimi si fundi.

Spana zilikuwa garini. Bolti tatu zilitoka kwa urahisi, ya nne ilikuwa imeshika kutu. Niliivuta mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, nikiogopa kwamba safari ya pekee ya mama itaishia kwenye nati yenye kutu. Ikalia, ikalegea. Bamba likanielemea kifuani, upepo ukapita kati ya nondo ukalipeperusha shuka la mama magotini.

Mama huyu asiyenyamaza, alinyamaza. Alishika nondo mbili, akasogeza uso. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, nadhani hakujua kama yapo.

"Mwanangu," akasema, "kumbe dunia ni pana hivi, na mimi nimeshonea ndani ya chumba."

Akaniambia nikae, nikakaa chini kwenye zege, bega langu likigusa gurudumu. Kutoka pale korongo lilikuwa jingine. Nikiwa nimesimama nililitazama kutoka juu, lakini pale lilinijia lote usoni, na sikuwa juu ya kitu chochote. Nililia na mimi, wala sikujificha.

Mhifadhi akakohoa, akauliza kwa heshima kama sasa naweza kulirudisha bamba, maana wakubwa wakipita watauliza.

Mama hakugeuza kichwa. Aliniuliza yamebaki mangapi. Nikamwambia kumi na moja.

"Haya, endelea," akasema. "Bolti nipe mimi."

Mhifadhi alitutazama, akapunguza sauti ya redio yake mpaka ikazimika. Nikahamia bamba la pili. Nyuma yangu mama alikunja gauni lake mapajani likawa mfuko, macho yake yangali korongoni, akinyoosha mkono kupokea.