Macho ya Précieuse

Jumamosi asubuhi, baada ya kupanga masufuria kwa ukubwa na kutundika mabeseni ya plastiki mlangoni, Mama Sophie alipanda juu ya kigoda kufuta vumbi kwenye rafu ya wanasesere, akakuta macho yao yamekua tena. Aliendelea kufuta. Kila alipofika usoni ilimbidi azungushe kitambaa kidogo zaidi kuliko juma lililopita.

Sophie ni jina lake mwenyewe, na duka lake liko Makiso, katikati ya Kisangani, karibu na soko kuu. Anauza sahani, vikombe na masufuria yanayotoka Butembo kwa lori, kupitia Bafwasende, kwenye ile barabara inayomeza magari mvua ikinyesha. Mumewe, Papa Mbusa, ndiye anayesindikiza mzigo, kwa hiyo yeye huonekana Kisangani kama mgeni wa heshima. Wanasesere hawauzwi. Kila mteja huambiwa hivyo, na kila mteja huuliza bei.

Sababu ya macho kukua mtaa mzima uliijua. Ilianza wanafunzi waliposhika simu kubwa na kutazama katuni za Wajapani, ambazo mji huu huziita manga. Mwanafunzi mmoja aliingia kutafuta sahani, akainua kichwa kuwatazama wanasesere, akasema, "Aah, Mama, kumbe uko na ba-poupée ya manga!" Siku ile ile macho ya mwanasesere wa karibu na mlango yakaongezeka kiasi cha punje ya mchele. Aliyefuata akasema hivyo hivyo, na yakaongezeka ya mwingine. Jirani muuza vitenge alikuja kutazama, akasema ni unyevunyevu, vitu vingi huvimba mwezi wa kumi.

Mama Sophie alichukia, wala hakuficha. Alikuwa akikusanya wanasesere tangu enzi ambazo simu ilikuwa ya kupigia tu. Aliwatoa kwenye marobota ya mitumba, wengine hawana mkono, wengine wamenyolewa na watoto wa Ulaya. Aliwaosha kwa sabuni ya kipande, akawachana, akawashonea. Leo mtoto mwenye simu aje amwambie kwamba ameiga televisheni ya Wajapani? Ni kama kusonga lituma, ule ugali wa ndizi, kwa mikono yako mwenyewe, ndizi zimekutoa jasho, mtu akaonja na kuuliza umeununua duka gani.

Lakini si hasira iliyokuwa ikimnyima raha ya kula. Ni Précieuse.

Précieuse alikuwa bintiye. Homa ilimchukua akiwa na miaka minane. Picha yake ya pekee ilikuwa kwenye simu ya Papa Mbusa, na simu hiyo ilitumbukia mtoni siku alipovuka kwenda Lubunga kwa mtumbwi. Mume na mke hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Mwaka uliofuata, Mama Sophie alifungua robota la vitu vya watoto akakuta, chini kabisa, mwanasesere wa plastiki ya rangi ya kahawia mwenye uso wa mtoto wake: paji lile lile, na macho madogo ya usingizi aliyorithi kwa bibi yake wa Butembo. Alikuwa wa aina ile ambayo ukimlaza hufumba macho. Kope la kulia lilifumba kwanza, la kushoto likafuata baadaye, polepole, kama vile Précieuse alivyokuwa akilala huku akidai hajasinzia.

Mama Sophie hakupiga kelele. Alimshonea gauni kutoka kwenye kipande kilichobaki cha kitenge cha matanga, kile ambacho ukoo mzima ulivaa siku ya mazishi, akamweka kwenye rafu. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kufunga duka, alimshusha na kumlaza kaunta, akatazama kope la kulia, kisha la kushoto. Papa Mbusa naye, akirudi safari, alipitia kwenye rafu kabla ya kuomba maji ya kuoga.

Jumapili baada ya misa alikuja mzee Isaïe, ambaye kila mtu alimwita tonton, mjomba. Alikuwa mstaafu wa reli wa ng'ambo ya Lubunga, mkusanyaji mwenzake pekee mjini, na alivuka mto na mwanasesere mmoja ndani ya mfuko wa shati, kichwa kikichungulia. Hao wawili walikuwa na desturi yao. Mwanasesere akiingia nyumbani alipewa jina, na jina hilo lilitajwa mbele ya mkusanyaji mwenzako tu. Mteja hakuambiwa kamwe. Mtu akishajua jina, walisema, atamtamani, na akimtamani ataiba.

"Ya kwangu pia banapanuka macho," alisema tonton Isaïe akichovya mkate kwenye chai. "Bon. Si wataona muzuri?"

"Tonton, hapana kucheka. Précieuse anaanza kupotea."

Isaïe aliinuka, akamtazama mwanasesere kwa muda, akarudi kuketi bila kumaliza mkate wake.

Jumatatu Mama Sophie akafanya kosa. Alichukua ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: HII HAPANA MANGA. HATUUZISHE. Akautundika juu ya rafu, akashuka kwenye kigoda ameridhika. Alisahau kwamba watu wa mji huu hawawezi kupita kwenye maandishi kimyakimya. Waliokuja kununua kikombe waliusoma kwa sauti. Waliokuwa wakipita barabarani waliusoma. Waendesha baiskeli za abiria walisimama wakamsomea abiria. Mchana mwalimu mmoja alipita na wanafunzi wake, nao wakausoma wote pamoja, kwa furaha, mara mbili.

Jioni macho ya Précieuse yalikuwa yamefika kwenye nyusi. Mama Sophie aling'oa ubao akautia jikoni kama kuni. Kisha akamlaza mwanasesere kaunta. Makope hayakufumba. Yalikuwa mafupi mno kwa macho yale. Alimwinua, akamlaza tena, na tena, halafu akakaa chini kati ya mabeseni akalia, kwa sababu Papa Mbusa alikuwa ameshavuka Bafwasende na baada ya siku chache angefika, naye hakujua angemwambia nini. Mara hii ya pili wangempoteza mtoto mikononi mwake yeye.

Keshoye mvua ilimleta Chancelle. Alikuwa msichana wa chuo kikuu, amesuka nywele za zambarau, ameloa hadi soksi. Mtaa ulimfahamu. Aliishi kwa shangazi yake, tantine Agathe, ambaye alitangaza kwenye chumba cha maombi kwamba zile katuni zimemwingizia mpwa wake mapepo, kisha akamwekea sanduku lake nje. Watu walimwita mtoto wa manga kwa muda mrefu kiasi kwamba macho yake yalichukua karibu nusu ya uso. Vumbi lilipovuma alilazimika kuvaa miwani ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Siku hiyo aliivaa kwa ajili ya mvua.

"Wewe njo ule mutoto wa manga?" Mama Sophie aliuliza, na hakuuliza kwa wema.

Chancelle alivua miwani aipanguse, na Mama Sophie akayaona macho yake yakiongezeka, pale pale, kiasi cha punje ya mchele.

Mama Sophie aliona haya, haya ya kweli. Alimpa taulo na kigoda.

Msichana alijipangusa akitazama rafu. Alitazama kwa muda mrefu, mmoja mmoja, kama mtu aliyefika ukweni anayesubiri kujulishwa. Mwishowe akamnyooshea kidole aliyevaa kitenge cha matanga.

"Mama, huyu anaitwa nani?"

Miaka yote hiyo watu walikuwa wameuliza bei, kiwanda, nchi, na kama betri zimo. Swali hilo hakuna mteja aliyewahi kuliuliza. Mama Sophie alifikiria desturi yao, akamfikiria na tonton Isaïe.

"Précieuse," akasema.

Kwenye rafu, macho ya Précieuse yakarudi nyuma punje moja.

Wote wawili waliona. Chancelle alisogeza kigoda karibu na kaunta. "Précieuse wa nani?"

Basi Mama Sophie akaeleza. Alieleza homa, na simu iliyozama, na robota, na kope la kushoto. Alieleza kwamba Précieuse hakupenda makayabu na alikuwa akiwaficha samaki hao mfukoni mwa sare ya shule. Hakuwa amelisema hilo kwa mtu yeyote tangu mazishi. Mvua ilipokatika, macho yalikuwa yameshuka chini ya nyusi.

"Na wewe, unapenda kweli izo vitu?" Mama Sophie aliuliza baadaye. "Manga?"

"Minapenda, Mama. Sitakatala." Chancelle alitoa simu. "Lakini hii ba-poupée yako hapana manga. Na manga yenyewe hapana vile banasema pa mutaa, iko ingine kabisa. Angalia."

Kwenye kioo kilichopasuka msichana wa kuchorwa alikuwa akimpikia baba yake mgonjwa supu. Hakukuwa na pepo yeyote. Supu ilimwagika, msichana akaanza kulia, na machozi yakajaa macho yake makubwa kama maji kwenye beseni.

"Juu ya nini wanawapa macho mukubwa hivi?"

"Juu mutu aone kama banalia, hata akiwa mbali."

Mama Sophie aliwaza jambo hilo. Akaomba kuona tena sehemu ya supu.

Usiku huo Chancelle alilala kwenye chumba cha nyuma, kati ya katoni za sahani, na hakuna aliyemwambia aondoke. Jumapili tonton Isaïe alifika, akakuta majina yanatajwa mbele ya mtu asiye mkusanyaji, akaweka kikombe chini.

"Alors wataiba," alisema.

"Waibe nini, Tonton? Uso umekwisha kuibwa."

Isaïe akamtoa mwanasesere wake mfukoni mwa shati, akamsimamisha kaunta mbele ya Chancelle, akakohoa. "Huyu ni Mademoiselle Yangambi," alisema. "Nilimutoa ndani ya treni. Alikuwa amesahauliwa pa dirisha." Macho ya Mademoiselle Yangambi yakapungua, na mzee akapangusa ya kwake, akidai ni moshi wa jikoni.

Alasiri nzima waliwataja, kila mmoja na habari zake. Ni mwanasesere mmoja tu ambaye macho yake hayakupungua hata kidogo, mwenye nywele za buluu, aliyetoka kwenye robota la mwisho. Chancelle alimchunguza nyayo, penye chapa ya kiwanda. "Huyu iko manga kweli," alisema. Walimwacha na macho yake, na Mama Sophie akamsogeza mbele kidogo ili naye aone barabara.

Papa Mbusa alifika Jumatano iliyofuata, tope hadi magotini. Alimsalimu Chancelle bila kuuliza ni nani, maana mtu aliyeshika ufagio nyumbani mwako si mgeni. Akaenda kwenye rafu. Mama Sophie alisimama nyuma yake na taulo, akasahau kumpa, kwa sababu macho yalikuwa yamerudi lakini hakuwa na hakika kama yamerudi yote. Alikuwa ameyatazama mno hata asiweze kukumbuka.

Papa Mbusa alimlaza Précieuse kaunta. Kope la kulia likafumba. La kushoto likakaa, likakaa, halafu likafuata.

"Njo yeye," alisema. Akabaki ameinama. "Sophie, ile simu niliishika kwa mukono mbaya."

"Najua, Papa Précieuse. Maji yako ya kuoga yanapoa."

Hayo ndiyo yote waliyoyasema, na yaliwatosha.

Juma lililofuata tantine Agathe alikuja kununua beseni. Alipata moja la kijani, akaligongagonga chini kulijaribu, kisha akamwona mpwa wake akipanga vikombe.

"Ah bon," alisema. "Kumbe mutoto wa manga amefikia apa, kati ya benzake ba manga."

Rafu nzima macho yaliongezeka. Ya Chancelle yaliongezeka pia, na kikombe kilimtoka mkononi kikavunjika.

"Anaitwa Chancelle," alisema Mama Sophie. "Ni wewe ulimupa jina."

"Njo minasema," alijibu tantine Agathe, "mutoto wa manga." Akachagua na kifuniko, akashukuru kwa adabu, akatoka na beseni kichwani. Jumapili yake alisimama tena kwenye chumba cha maombi, na safari hii alitaja na duka.

Jioni, mlango ukishafungwa nusu, Mama Sophie hupanda kwenye kigoda na kuwataja wote, kuanzia kushoto. Wa nywele za buluu humtaja pia, kwa adabu tu. Wale wengine hurudi kidogo, kila mmoja kiasi cha kile alichoongezewa mchana. Wa mwisho humshusha Précieuse, yeye na Chancelle wakasubiri pamoja kope la kushoto.

Halafu hugeuka. "Chancelle."

"Niko, Mama."

"Chancelle mwenye kunionyesha ile supu. Chancelle wa hapa."

Macho ya msichana hurudi punje moja, siku nyingine mbili, na wao huenda kula.

Asubuhi, kabla masufuria hayajapangwa, mteja wa kwanza huingia, hupangusa miguu, huinua kichwa kwenye rafu na kufungua kinywa. Mama Sophie humwacha aseme, kisha humwuliza anataka sahani za ukubwa gani.